Kliniki ya ini niliyompeleka mdogo wangu: nyota nne, na sababu zake

Nina grosari hapa Moshi, mwaka wa 14 sasa. Nauza bia, soda na maji, na ikifika saa kumi na moja jioni jiko la mishkaki linawaka nje. Naandika kuhusu kliniki ya magonjwa ya ini na tumbo niliyompeleka mdogo wangu Arusha mwezi wa nne, tukarudi tena mwezi wa nane. Jina la kliniki siliweki hapa, maana nina sifa na nina malalamiko, na malalamiko yangu nimeshayaandika nikayaacha pale pale mapokezi. Ninachotaka mjue ni huduma yenyewe ikoje na unatoka na nini mkononi.

Kwanza mjue tulifikaje huko. Mwezi wa pili, saa nane usiku, shemeji yangu alinipigia simu analia. Nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti kitandani, kifua amekilaza kwenye mto aliokumbatia, hataki kabisa kulala chali. Maumivu yalianzia kwenye chembe ya moyo yakatokea mgongoni, na akiinama mbele ndipo anapata nafuu kidogo. Anatapika hata maji. Mara mbili huko nyuma alishapata maumivu ya namna hiyo, akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akarudi kazini. Safari hii walimpima damu wakakuta kimeng'enya (protini ya mwili ya kuvunjavunja vitu) kinachoitwa lipase kimepita kiwango cha juu zaidi ya mara tatu. Ni kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, limevimba. Akalazwa siku sita kwa dripu na dawa za maumivu, akatolewa na karatasi yenye sentensi moja ya ushauri: aache pombe.

Mdogo wangu ana miaka 41, ni fundi wa magari. Gari likija kwake hakubali kuambiwa "injini mbovu", anataka kujua kifaa gani kimekufa na kimekufaje. Aliniambia tukiwa njiani kurudi nyumbani, "Dada, kila mtu ananiambia niache. Hakuna anayeniambia ndani kumeharibika nini." Baada ya wiki tatu akaanza tena, kidogo kidogo.

Katikati hapo akauziwa kopo la unga wa majani, shilingi elfu sitini, akiambiwa utasafisha ini kwa siku 21 huku anaendelea na kinywaji chake. Nalitaja hapa kwa kuwa nililibeba kwenda nalo kliniki, na daktari alilishika, akalizungusha akitafuta maandishi ya kilichomo, hakuyaona. Alisema ini siyo sufuria ya kusugua. Mafuta yaliyojaa kwenye ini huondoka pombe ikikoma, mara nyingi ndani ya wiki chache, na hakuna unga unaofanya kazi hiyo huku chupa zinaendelea. Akaongeza kwamba yapo majani ambayo yenyewe huumiza ini. Hizo elfu sitini zilituuma.

Sasa kliniki. Iko ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa, ngazi zina giza. Kumuona daktari ni elfu thelathini, kipimo cha ugumu wa ini ni laki moja na nusu, damu unalipia kivyake. Tulifika saa tatu asubuhi tukiwa tumeshakula supu na chapati stendi. Kumbe kipimo kile kinataka mtu awe hajala kwa saa tatu hivi. Nilipopiga simu siku mbili kabla hakuna aliyeniambia. Tukakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Nyota moja niliyokata ni hiyo, pamoja na bei ya vipimo vya damu ambayo tuliijua tukiwa tumeshatolewa damu. Mtu aliyetoka Rombo au Mwanga na nauli ya kuungaunga hawezi kufanyiwa hivyo.

Kipimo chenyewe hakiumi. Mgonjwa analala chali, mkono wa kulia anauweka juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Wanapaka ile jeli ya baridi, kisha wanaweka kichwa cha mashine katikati ya mbavu. Kinagonga, tak, kama mtu anakupiga kidole. Kinagonga mara kumi au zaidi. Kila pigo linatuma wimbi ndani ya ini na mashine inapima wimbi linakimbia kwa kasi gani, kwa sababu kwenye kitu kigumu linakimbia zaidi. Jibu linakuja kwa kilopaskali, namba ya ugumu. Ini zima huwa chini ya 6 au 7. La mdogo wangu lilisoma 11.8. Daktari akasema tusilichukulie kuwa makovu yote, maana ini lenye uvimbe nalo husoma juu, ndiyo maana lazima lirudiwe pombe ikishakoma.

Hapo ndipo thamani ya pesa yangu ilipo. Daktari alivuta karatasi, akaigeuza upande mweupe, akamuuliza mdogo wangu anafanya kazi gani. Aliposikia ni fundi akasema, "Basi kaka, tufungue injini."

Alianza na hesabu. Bia moja ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe halisi. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa, supu au maji ya baridi haviharakishi. "Unakunywa ngapi?" Mdogo wangu akasema nne. Nikasema sita, mimi ndiye ninayemuuzia. Daktari akaandika: chupa 6, gramu 120, saa 12 mpaka 17. Ukianza saa mbili usiku, ini linamaliza saa mbili asubuhi likiwa na mwendo mkali, au saa saba mchana mwendo ukiwa wa pole. Na saa nne asubuhi mdogo wangu huwa anazimua na mbili. Kwa hiyo, mwendo ukiwa wa pole, kuna majuma mazima ambayo seli za ini lake hupata kama saa moja tu ya kupumzika kwa siku. Nilipoona ile hesabu kwenye karatasi nilinyamaza. Nilikuwa nawaona wateja wangu mmoja mmoja.

Kisha akachora seli moja ya ini, kubwa kama sahani. Pombe ikiingia, kimeng'enya cha kwanza kinaigeuza kuwa asetaldehidi, na hiyo ni sumu kuliko pombe yenyewe. Kimeng'enya cha pili, kilicho ndani ya mitokondria, vile vijumba vya kutengeneza nguvu, kinaigeuza asetaldehidi kuwa kitu cha jamii ya siki ambacho mwili unakimudu. Shida ni muda uliopo kati ya hatua hizo mbili. Asetaldehidi ikizidi inang'ang'ania protini za seli na kuziharibu umbo, hata zile nyuzi ambazo seli inazitumia kama reli ya kusafirishia mizigo yake kwenda nje. Mizigo inakwama ndani, seli inavimba. Inagusa mpaka vinasaba, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye kundi la vinavyosababisha saratani kwa hakika tangu 1988. Hilo la 1988 lilinishtua. Nimefungua grosari baada ya hapo na sikuwahi kulisikia.

Mafuta yanatoka wapi wakati mtu anakunywa bia na hali vizuri? Hili mdogo wangu aliliuliza mwenyewe. Daktari akasema kila hatua ya kuvunja pombe inahitaji kitu kidogo kinachoitwa NAD, tuseme ni toroli. Seli ina toroli za kuhesabu, na hizo hizo ndizo zinazotumika kuchoma mafuta. Pombe ikija inachukua toroli zote, kwa kuwa ni sumu na lazima itolewe kwanza. Mafuta yanabaki yamesimama mlangoni, na seli inaanza kutengeneza mengine. Matone yanajaa mpaka kiini cha seli kinasukumwa pembeni. Wengi wa wanaokunywa sana wana mafuta haya kwenye ini na hawahisi chochote, kwa sababu seli za ini hazina hisia ya maumivu.

Kwa mnywaji wa kila siku seli inafungua njia ya pili, kimeng'enya chenye jina refu, CYP2E1. Hicho kinavunja pombe haraka, ndiyo maana mzoefu anaonekana "anaimudu". Lakini kinatoa oksijeni kali inayounguza ngozi ya seli. Mdogo wangu akamkatiza, "Kama injini inayokula oili, inatoa moshi wa bluu." Daktari akaweka kalamu chini akasema ndiyo, na gari bado linatembea. Akamuuliza akiamka na kichwa kinachouma anameza nini. Parasetamoli, tena nne kwa mara moja. Akaeleza kwamba njia hiyo ya pili ndiyo inayogeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu, na kinga ya seli inayoifuta sumu hiyo, glutathioni, kwa mlevi imeshapungua. Dawa ambayo kila kaunta inayo kwenye droo. Mimi ninayo. Tangu siku ile simpi mtu aliyelewa, namwambia aende duka la dawa aulize.

Sehemu ya makovu nitaieleza kwa jinsi nilivyoielewa mimi. Pombe inalegeza ukuta wa utumbo, vipande vya maganda ya bakteria vinapenya na kupanda na damu mpaka kwenye ini. Humo kuna seli za ulinzi zinazoitwa seli za Kupffer. Zikikutana na hivyo vipande zinapiga kelele, askari wengine wa damu wanakuja, na ugomvi wao unaumiza hata seli nzima. Kelele hizo zinaamsha seli nyingine zenye umbo la nyota. Siku zote kazi ya hizi ni kutunza vitamini A, zimetulia. Zikiamshwa zinaiachia vitamini A yao, zinageuka, zinaanza kusokota nyuzi za kolajeni. Ukiumia mara moja nyuzi hizo ni kiraka kizuri. Ukiumia kila siku kwa miaka, ini linafungwa kwa nyuzi kama katani, na vipande vya ini vilivyobaki vinakuwa mabonge katikati yake. Mimi napika maini. Ini zuri la ng'ombe ukilibonyeza kidole kinazama. Daktari alinibonyezesha kiganja changu, kisha goti langu, akasema ini likifika kwenye ugumu wa goti, damu ya kutoka utumbo inakosa pa kupita. Inarudi nyuma, tumbo linajaa maji, mishipa ya koo la chakula inavimba na inaweza kupasuka. Nilikumbuka wawili niliowazika mtaani kwetu. Kwa wote wawili tulisema wamerogwa.

Kwenye kongosho alibadilisha mwalimu, akaniuliza mimi, "Dada, nyama ngumu ya mishkaki unailainishaje?" Papai bichi. Nalikwangua na maganda yake, napaka, saa moja inatosha. Siku moja niliisahau usiku kucha, asubuhi nyama ikawa inavunjika vidoleni kama mkate uliolowa kwenye chai. Akasema kongosho linatengeneza papai lake lenyewe. Seli zake zinatengeneza vimeng'enya vya kukata nyama na mafuta, lakini vile vya kukata nyama zinavifungasha kwenye vifuko vikiwa vimelala, na havitakiwi kuamka mpaka vifike kwenye utumbo mwembamba, ambako kuna kimeng'enya kingine cha kuviamsha.

Pombe inaharibu mpango huo. Ndani ya seli ya kongosho inaungana na asidi za mafuta, na kinachozaliwa hapo kinafungulia akiba ya kalisiamu imwagike ndani ya seli. Mitokondria zinazimika, nguvu ya kuitoa kalisiamu haipo. Vifuko vinachanganyika na vijisanduku vya taka vya seli, na humo kile kimeng'enya cha kukata nyama kinaamka kikiwa bado nyumbani. Kinaanza kukata nyumba. Ndiyo ile saa nane usiku, magoti kitandani. Wakati huo huo seli za kwenye mifereji, ambazo zilipaswa kuongeza maji na magadi ili juisi itiririke, zinapunguza kazi. Juisi inakuwa nzito, inaziba, na kwa miaka vizibo vinageuka mawe. Kongosho nalo lina seli zake za nyota, nazo husokota makovu. Likifika huko choo kinakuwa cha mafuta kinachoelea, mtu anakonda, na zile seli za kutengeneza insulini zikifa anapata kisukari.

Mdogo wangu aliuliza mbona rafiki zake wanakunywa kumzidi na kongosho zao ni nzima. Daktari hakumdanganya. Akasema wanywaji wengi hawaupati ugonjwa huu, na sababu zote hazijulikani, lakini sigara inajulikana. Inaumiza kongosho yenyewe kivyake na ikikutana na pombe inazidisha. Mdogo wangu alikuwa na pakiti mfukoni. Maelezo yaliisha akiwa ameishika mkononi, hakuirudisha mfukoni, akaiacha kwenye pipa la pale chini.

Jambo jingine lililonifanya niiamini kliniki hii ni kwamba hawakumwambia akate pombe siku ile ile akiwa nyumbani. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa, hasa siku mbili tatu za mwanzo, na wapo wanaofia hapo. Sikuwa najua. Wangapi tumewafungia chumbani ili "waache"? Daktari alimwandikia barua, akalazwa siku tano chini ya uangalizi, akapewa dawa za kutuliza na vitamini B1. Shemeji yangu alilala pale naye.

Walimpima pia homa ya ini B, hana, wakamwanzishia chanjo ya sindano tatu. Nami nikapima na kuchanja. Na daktari akaniambia kitu kuhusu wasichana wa kaunta, ambao wateja wanawanunulia: mwanamke akinywa kiasi kile kile cha mwanaume, pombe kwenye damu yake inapanda zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji machache. Nina wasichana wawili. Sasa mteja akiwanunulia wanachukua soda, na anayelalamika anakuja kwangu.

Malalamiko mengine ni majibu. Karatasi ya damu imeandikwa yote kwa Kiingereza na vifupisho. Daktari alitueleza kwamba kwa mdogo wangu kipimo cha AST kilikuwa zaidi ya mara mbili ya ALT, ambavyo ni vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu, jambo linaloashiria pombe, lakini asingetueleza tungetoka na herufi tu. Wanaosoma majibu kwa simu wanakosa maelezo hayo. Daktari yule naye ni mmoja na anakuja Jumatano na Ijumaa tu. Tuliporudi mwezi wa nane alikuwa na wagonjwa 20 na kitu, tukapata dakika kumi. Mara ya kwanza tulipata karibu saa nzima. Naelewa, lakini aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza hakuchorewa karatasi.

Mwezi huo wa nane kipimo kilisoma 8.1. Miezi minne bila tone. Mdogo wangu aliishika ile karatasi mpya akaiweka juu ya ile ya zamani, akapitisha kidole kwenye namba moja kisha nyingine, kama anavyolinganisha plagi mpya na ya zamani. Akauliza kongosho je. Daktari akamwambia ini lina uwezo mkubwa wa kujijenga, kongosho halina sana, na makovu yaliyokwisha kuingia humo hayatatoka. Kazi yake ni kutoongeza mengine. Sukari ni ya kupimwa kila baada ya muda. Akaitikia kwa kichwa, akauliza ale nini, akaandika majibu kwenye simu.

Ukienda, usile kwa muda wa saa tatu kabla ya kipimo, na uliza bei ya kila kipimo cha damu kabla hujanyoosha mkono. Nenda Jumatano, Ijumaa inajaa. Chukua dawa zote unazomeza, na makopo kama lile letu. Na mpeleke mgonjwa pamoja na mtu anayejua hesabu ya chupa zake. Sisi tunarudi Januari.